Siku Rashida Alipoitwa Prossy

Driciru alihamia kwa dada yake mjini Arua mwezi wa Oktoba, akiwa na begi moja la nguo na cheti cha ualimu wa chekechea ambacho kilikuwa bado hakijamfikisha popote. Alikuwa amefundisha mwaka mmoja na nusu kule Vurra, katika chumba cha mabati nyuma ya maegesho ya malori, mpaka mwenye shule alipofunga mlango siku moja na kuvukia Kongo bila kumuaga mtu. Dada yake, Margarita, alimpokea vizuri. Alimpa chumba, akampa chakula, na asubuhi ya tatu akampa kazi.

"Mtoto wangu lazima aingie darasa la kwanza mwezi wa pili," alisema, huku akifunga furushi la vitenge vya kupeleka sokoni. "Kwa masista. Sitaki shule nyingine. Ukimfikisha pale, mimi nitasema na Sista Mkuu juu yako. Najua wanatafuta mwalimu wa watoto wadogo. Umenisikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia, dada."

Mtoto mwenyewe alikuwa Prossy, miaka sita, mwembamba, kucha zimetafunwa mpaka kwenye nyama. Hakuwa mjinga, Driciru aliliona hilo siku ile ile ya kwanza. Lakini mwezi wa Agosti Margarita alikuwa amempeleka kwenye usaili wa shule nyingine ya mjini, na huko, mbele ya kina mama waliojipanga kwenye mabenchi, mtoto aliulizwa jina lake tu, akajikojolea kwenye kiti. Wanawake wawili wa kwaya yake ya kanisani walikuwepo. Tangu Jumapili iliyofuata Margarita aliacha kuimba, na kila alipomtazama binti yake alikuwa kama mtu anayetazama doa kwenye nguo mpya.

Kulikuwa na mtoto wa pili katika nyumba hiyo. Rashida alikuwa mpwa wa Alionzi, mume wa Margarita. Mama yake, dada wa Alionzi, aliolewa Koboko na mwanajeshi aitwaye Swadiki, akasilimu, akazaa mtoto huyo mmoja, na miaka miwili iliyopita akafa kwa homa ya wiki moja. Swadiki alikuwa amepangiwa kikosi cha mbali na hakurudi hata kwenye msiba. Alionzi alisimama mbele ya watu wa Koboko, kaburi bado bichi, akasema, "Huyu nitamsomesha kama wangu." Kisha akamleta Arua, akarudi kwenye kazi yake ya forodha kule Vurra, na nyumbani akawa anaonekana Jumapili tu. Rashida aliteka maji, akafagia, akachambua maharage. Alikuwa mkubwa kuliko Prossy kwa miezi miwili. Hakuna aliyetaja habari ya shule.

Driciru alifundisha barazani. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu yaliyofuata hayakutokana na ujinga. Alijua kwamba mtoto anayeanza shule hahitaji kwanza herufi. Anahitaji kujua kufunga vifungo, kufunga kamba za viatu, kwenda chooni peke yake na kurudi, kubeba kikombe cha uji bila kumwaga, kusikia jina lake likiitwa katikati ya makelele na kuitika. Zaidi ya yote anahitaji kujua kwamba mama akienda, atarudi. Kwa hiyo alichora duara kubwa kwa chaki kwenye sakafu. "Hii ni shule," alimwambia Prossy. "Wewe unaingia. Mimi nabaki nje. Nahesabu mpaka kumi, halafu nakuita. Baadaye mpaka ishirini." Kufikia mwisho wa wiki ya pili Prossy alikaa ndani ya duara lake nusu saa nzima, akipanga vizibo vya soda kwa rangi na kujiimbia.

Kisha Margarita akaanza kurudi mchana kutoka sokoni kuja kusikiliza. Aliweka kiti chake mbele ya mtoto, akakunja mikono. "Haya. Hesabu."

Prossy alifika tatu. Midomo ikaendelea kucheza, sauti haikutoka.

"Ng'ombe ana miguu mingapi?"

Prossy alipeleka kidole mdomoni.

"Driciru, hivi unamfundisha au mnacheza na vizibo?" Alichukua rula ya mbao mezani, akainua mkono wa Prossy, na hapo hapo akaona maji yakitiririka kwenye mguu wa mtoto. Aliuachia mkono ule kana kwamba umemchoma. Alikaa akifikiri. Rashida alikuwa amechutama kwenye kona ya baraza, ungo wa maharage magotini.

"Wewe, njoo hapa," Margarita alimwita. "Nyoosha mkono."

Rashida aliweka ungo chini, akanyoosha. Margarita alimchapa mara tatu kiganjani, bila hasira, kama mtu anayekung'uta mkeka. Kisha akamgeukia binti yake. "Umeona? Ni kwa sababu yako. Ukikosea, yeye anapigwa. Kama una huruma, utajibu."

Akampa Driciru rula. "Nikiwa sokoni, utafanya hivyo hivyo. Huyu wangu ukimgusa anajikojolea, hatutafika. Lakini lazima aone kitu."

Driciru aliishika rula ile akisema moyoni kwamba hataitumia. Siku ya kwanza hakuitumia. Siku ya pili Margarita aliviangalia viganja vya Rashida aliporudi, akasema, "Naona mwalimu wa Vurra bado anacheza. Sista Mkuu hapendi walimu wa kucheza." Siku ya tatu Driciru alichapa. Kidogo tu, alijiambia, ncha ya rula tu. Rashida hakulia. Alifumba jicho moja, akalifumbua, akauliza, "Nirudi kwa maharage, madamu?"

Baada ya hapo jambo lilikwenda kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Rashida alianza kujifunza. Hakuambiwa ajifunze, aliona tu kwamba mikono yake inategemea majibu ya mwingine. Alisikiliza kwa masikio yote mawili, na Prossy alipokwama alimnong'oneza: nne, nne, miguu nne. Alijua kuhesabu mpaka mia kabla ya mwezi kwisha. Alijua siku za juma, rangi, viungo vya mwili, sala ya Baba Yetu na ishara ya msalaba. Aliandika herufi kwa kijiti kwenye vumbi alipokuwa akifagia, kisha akazifagia. Penseli aliishika kwa vidole vitatu kama alivyoona, ingawa penseli yenyewe ilikuwa ya Prossy.

Asubuhi moja wasichana wawili waligombana juu ya kitu cha kitoto, kijiko chenye mpini wa buluu. Rashida alikifikia kwanza. Somo lilipoanza, Driciru alimuuliza Prossy ng'ombe ana miguu mingapi, swali ambalo kwa siku nyingi sasa alikuwa akilijibu bila kunong'onezwa.

Prossy alimgeukia Rashida. Alimtazama usoni, vizuri, kwa muda.

"Mitano," alisema.

"Prossy."

"Mitano. Ng'ombe ana miguu mitano."

Rashida alikuwa ameshaweka ungo chini na kunyoosha mkono. Driciru aliona wazi kilichotokea. Aliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba Prossy anajua kila kitu, na kinachomfunga mdomo ni kiti cha mama yake tu. Angeweza kumwambia Margarita jioni ile: usije tena kusikiliza, mwache mtoto, atajibu. Alifikiri jinsi Margarita atakavyomkodolea macho. Akachapa mara mbili, na somo likaendelea.

Mwanzoni mwa Januari shule ikatoa tarehe za usaili. Jioni hiyo, bado kukiwa na jua, Margarita aliwaita wasichana wote wawili uani, akawasimamisha bega kwa bega, akawazunguka polepole.

"Alionzi na dada yake walifanana kama mapacha," alisema. "Angalia paji la uso. Angalia masikio. Wakinyolewa nywele, nani atajua?"

Driciru alielewa kabla dada yake hajamaliza. "Dada, fomu ina picha."

"Picha ndogo kama kidole, na kichwa kimenyolewa. Ataulizwa Rashida, ataingia Prossy. Akishaingia, nani atamtoa? Watoto wote husahau mwanzoni, watasema ameona haya."

"Na Rashida?"

"Rashida kafanyaje? Anakula hapa, analala hapa. Akisaidia nyumba siku moja ndiyo dhambi?"

"Shemeji anajua?"

"Shemeji yako atakuja Jumapili, nitamwambia."

Alimwambia kweli. Alionzi alikaa na soksi zake mkononi, akauliza kama chakula kiko tayari, kisha akasema hayo ni mambo ya nyumbani, wanawake wanayajua. Rashida alimletea maji ya kunawa. Aliyapokea bila kumtazama.

Walinyolewa siku moja, kwa mashine moja, na tangu siku hiyo kazi ya Driciru ilikuwa kumfundisha Rashida jina.

"Unaitwa nani?"

"Rashida Swadi..."

"Hapana. Unaitwa nani?"

"Prossy."

"Prossy nani?"

"Prossy Alionzi. Niko na miaka sita. Baba yangu anafanya kazi forodha. Mama yangu ni Margarita, anauza vitenge."

Alishika upesi, lakini kwa siku mbili nzima alikwama kwenye neno mama. Kila akifika hapo alimeza mate. Siku ya tatu aliuliza, "Madamu, na mama yangu ule wa Koboko, nimuache wapi?"

"Unamuacha kidogo tu. Ni mchezo. Sista akimaliza kuuliza, unamchukua tena."

Rashida alifikiri. "Nikijibu yote, mimi naingia shule?"

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Driciru alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mtoto amesimama kati ya magoti yake, kichwa kilichonyolewa kinanukia mafuta ya simsim. Mtoto anayetarajia kitu hujibu vizuri kuliko mtoto anayeogopa. Hilo Driciru alilisomea.

"Ndiyo," alisema. "Ukijibu yote, utaingia shule."

Margarita alichagua zamu ya mwisho ya mchana, wakati kina mama wengi walikuwa wameshaondoka. Prossy aliachwa nyumbani kwa jirani. Rashida alivaa gauni la njano la Prossy na soksi za Prossy, na njia nzima alitembea katikati yao akiwa amewashika mikono wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza Margarita kumshika mkono.

Sista Mkuu alitoka upande wa Aru, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mwanamke mnene mwenye miwani na gauni jeupe, sauti ya chini. Aliuliza kwanza kwa Kiingereza yale ambayo kila mtoto mjini alikuwa amekaririshwa, na Rashida akayamaliza. Alipewa kamba za viatu, akazifunga. Alipewa kikombe cha maji akipeleke dirishani, akakipeleka, tone halikuanguka. Alihesabu mpaka mia na angeendelea. Ndipo Sista akaweka kalamu chini, akageukia Kiswahili cha kwao, kama alivyofanya kwa watoto aliotaka kuwajua zaidi ya walivyofundishwa.

"Nyumbani unacheza na nani, mwanangu?"

Margarita, kwenye kiti cha nyuma, alikaza mkono juu ya mkoba wake. Swali hili hawakulipanga.

"Nacheza na Rashida," alisema Rashida.

"Rashida ni nani?"

"Ni mutoto wa Koboko. Mama yake alikufa. Iko nyumbani, anachambua maharage."

"Na yeye anajua kuhesabu kama wewe?"

Rashida alimgeukia Driciru kwanza, kisha akamrudia Sista, akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amepata jibu la kumpendeza kila mtu.

"Apana. Rashida apana jua kitu. Lakini mimi nikiingia shule, yeye pia ataingia."

Sista alicheka, akamshika shavu, akaandika kitu kwenye karatasi. Walipofika nje ya lango Margarita aliuachia mkono wa mtoto. "Amefanya vizuri," alimwambia Driciru, kana kwamba mtoto hayupo.

Matokeo yalibandikwa baada ya siku nne. Prossy Alionzi, wa tatu kati ya watoto arobaini. Margarita alichinja kuku, akaalika watu wa kwaya. Prossy alipakatwa kwa zamu, akapigwa picha, akaulizwa maswali ambayo mama yake alimjibia. Rashida alizungusha sahani. Alikuwa na furaha kuliko wote. Kila alipopita mbele ya Driciru alimbinyia jicho, kwa sababu wao wawili walijua nani alikuwa wa tatu. Wiki hiyo hiyo Driciru naye aliitwa na masista, akapewa darasa la watoto wadogo, aanze siku shule itakapofunguliwa.

Asubuhi ya kufungua, Driciru alitoka chumbani akamkuta Rashida amesimama barazani. Alikuwa ameamka kabla ya watu wote. Alikuwa ameoga, amejipaka mafuta mpaka magotini, na alikuwa amevaa sare. Gauni la buluu lilikuwa limefungwa vifungo vyote, kila kifungo kwenye tundu lake. Kamba za viatu vyeusi zilikuwa zimefungwa vizuri, mafundo mawili. Mkononi alishika kikombe kitupu cha uji.

"Mimi iko tayari," alisema.

Margarita alitokea nyuma ya Driciru, amemshika begani Prossy, aliyekuwa bado na fulana ya kulalia. Hakupiga kelele. Asubuhi ile alikuwa na furaha, na hakutaka iharibiwe.

"Vua nguo ya mwenzako."

"Mimi nilijibu yote," alisema Rashida.

"Ulijibu. Ulimwambia Sista unaitwa nani?"

"Prossy."

"Sasa Prossy ndiye anayeingia. Wewe ni Prossy?"

Mtoto alilitazama gauni alilovaa, kisha akainua macho kwa Driciru. "Madamu alisema. Madamu, ulisema."

Lango la shule lilikuwa linafungwa saa moja na nusu, na ilikuwa siku ya kwanza ya kazi ya Driciru. Alipiga magoti mbele ya Rashida, na kwa mikono yake mwenyewe akaanza kufungua yale mafundo mawili. Yalikuwa yamekazwa sana. Ilimbidi atumie kucha. Mtoto hakumsukuma, wala hakusaidia. Alipovuliwa kiatu cha pili alisema kwa sauti ndogo, "Basi mwakani?" Prossy alivalishwa nguo ambazo bado zilikuwa na joto la mwenzake.

Wiki tatu zilizofuata Driciru alimpeleka Prossy shuleni kila asubuhi, na kila asubuhi alimwona akiingia darasa la kwanza kama anayeingizwa kisimani. Mwalimu wa darasa alikuwa ameambiwa kuna mtoto aliyekuwa wa tatu kwenye usaili, akamweka mbele, akamuuliza maswali kuliko wote. Prossy alisimama na kunyamaza. Mwalimu alidhani ni kiburi. Akamsimamisha ukutani, akamnyima mapumziko, na siku mtoto alipojikojolea mbele ya darasa, darasa zima lilicheka mpaka Driciru akawasikia kutoka darasa lake upande wa pili wa uwanja. Hakutoka. Alikuwa na watoto wake wa kuwaangalia. Jioni Margarita alimpiga Prossy kwa kuharibu gauni, sasa kwa kuwa rula ilikuwa imemaliza kazi yake na hakukuwa na usaili tena wa kuuogopa.

Nyumbani Rashida alikuwa amebadilika. Wauza mkaa walipomuuliza jina lake, alisema Prossy. Margarita alimchapa kwa hilo. Alipoulizwa tena akasema Prossy.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi mchana, Sista Mkuu alikuja nyumbani. Alikuwa na desturi ya kuwatembelea watoto waliokwama. Aliyemfungulia lango alikuwa Rashida, na Sista, aliyekuwa na watoto mia nne wa kukumbuka, alimkumbuka huyu.

"Ee, Prossy! Mbona darasani husemi kitu, mwanangu?"

Margarita alikuwa ameshafika mbio, kanga mkononi. "Huyo siye, Sista. Huyo ni mtoto wa Koboko, tunaishi naye tu. Prossy yuko ndani. Karibu, karibu ukae."

Lakini Sista hakuondoka pale. Aliinama mpaka miwani ikamshuka puani. "Unaitwa nani, mtoto?"

Rashida alisimama wima. Mikono aliishusha ubavuni, visigino akavikutanisha. Aliuona ule upindo wa gauni jeupe, ile miwani, ile sauti ya chini, na akaelewa kwamba anaulizwa tena, na kwamba safari hii labda itakuwa yeye.

"Naitwa Prossy Alionzi," alisema kwa pumzi moja. "Niko na miaka sita. Baba yangu anafanya kazi forodha. Mama yangu ni Margarita, anauza vitenge. Ng'ombe ana miguu nne. Moja, mbili, tatu, nne, tano..."

"Unaona, Sista?" Margarita alicheka. Alicheka vizuri sana, kwa upole, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, na Driciru akaona vidole vikibonyeza. "Anaiga kila kitu cha mwenzake. Tangu mama yake afe kichwa hakijatulia. Tunamuombea."

"...kumi na moja, kumi na mbili..."

Sista alinyooka. Alimpita Margarita kwa macho, akamfikia Driciru, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Mwalimu Driciru. Wewe ndiye uliyewafundisha. Niambie wewe. Nani ni nani hapa?"

Rashida aliacha kuhesabu.

"Prossy ni yule anayekuja shuleni, Sista," alisema Driciru. "Huyu ni Rashida. Anaiga tu."

Katika maneno hayo hamkuwa na neno lisilo la kweli, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka safi. Sista aliwatazama wote watatu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuamini kitu. Alikunywa nusu kikombe cha chai. Alisema Prossy arudishwe darasa la watoto wadogo mpaka atakapozoea, akaaga. Hakumtazama tena Driciru mpaka langoni, na hapo alimwambia tu, "Jumatatu, basi."

Margarita alisubiri gari la Sista lipotee. "Kesho huyu anarudi kwao," alisema. "Utampeleka wewe."

Fadhul, kaka yake Swadiki baba wa Rashida, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki kule Koboko na nyumba nyuma yake. Aliwapokea bila maswali. Alisema nyumba ni ya mtoto, na mkewe akaandaa chakula hapo hapo. Walipokaa kuzunguka sahani, Rashida, kabla ya kugusa kitu, alipeleka vidole kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia. Mikono ya watu wote ilisimama juu ya chakula. Mke wa Fadhul alimtazama mumewe. Mtoto mmoja wa nyumba alianza kucheka, akapigwa kibao cha kichwa. "Acha," alisema Fadhul taratibu. "Kuleni." Rashida aliuweka mkono wake chini ya paja na hakuutoa tena, hakula.

Driciru alisema asingeondoka bila kumwandikisha shule. Fadhul alikubali, na Jumatatu asubuhi, ingawa Driciru alipaswa kuwa darasani kwake Arua, walikwenda wote watatu kwenye shule ya serikali iliyokuwa karibu. Mwalimu wa zamu alikuwa mwanamke aliyechoka, kitabu kikubwa cha majina mbele yake, watoto mia na kitu wakipiga kelele nyuma ya ukuta.

"Jina?"

"Rashida Swadiki," alisema Driciru.

"Aseme mwenyewe."

Rashida alikitazama kitabu cha majina.

"Una miaka mingapi? Hesabu mpaka tano, tusikie."

Mwalimu alisubiri, kisha akamsogezea kipande cha chaki na kibao. Rashida alikichukua kile kipande, kwa vidole vitatu, sawasawa kabisa, na kwa kitambo Driciru alishusha pumzi. Kisha mtoto alikirudisha mezani, akakiweka pembeni kisije kikabingirika, akajifuta vidole kwenye gauni.

"Anajua," alisema Driciru. "Nakuapia, anahesabu mpaka mia. Anaandika. Anasoma maneno. Mimi ni mwalimu, nimemfundisha mwenyewe."

"Wote husema hivyo, madamu." Mwanamke yule hakuwa mbaya, alikuwa na foleni tu. "Angekuja mwezi wa pili na wenzake ningemvumilia. Sasa niko na mia moja na ishirini. Kama hasemi, akae nyumbani. Mumulete mwaka kesho."

Nje, kwenye uwanja wa vumbi, Fadhul alisimama kwanza, akamsubiri Driciru amfikie. Alikuwa mtu mzito wa mwili, mikono yenye grisi isiyotoka.

"Huyu mutoto alikuwa anaongea," alisema. "Mama yake akiwa hai, alikuwa anaongea mpaka tunamwambia anyamaze. Huko Arua mulimufundisha nini?"

Vifungo, kamba za viatu, siku za juma. Kuitika jina likiitwa. Driciru alisema basi la Arua litamwacha.

Fadhul aliitikia kwa kichwa. Rashida alikuwa ameshatangulia, akifuata njia ya nyumbani aliyoipitia mara moja tu, bila kuuliza, bila kugeuka nyuma. Driciru alimwita kwa jina lake, Rashida, mara mbili. Waliogeuka walikuwa watoto wawili tu, waliokuwa wakichota maji kwenye bomba.